Chumvi ya Haluli na Sauti za Popo

Niliporudi kwa baba yangu, kijijini Itaka, Mbozi, nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka sita bila kupata mtoto. Mume wangu hakunipiga wala hakunifukuza. Alioa mwingine, na mwenzangu alipojifungua, mama mkwe aliniletea nguo zangu zikiwa zimekunjwa vizuri. Nikaelewa. Baba aliniona nikipanda njia ya shamba la kahawa na furushi kichwani, akaacha jembe lake, akaja kunipokea mzigo.

Wiki mbili baadaye alinipeleka kwa miguu hadi misheni iliyokuwa upande wa Igamba, penye zahanati, akamwambia daktari, "Huyu binti yangu amesoma hadi darasa la sita. Mkono wake ni mzuri kwa kuandika. Naomba umpe kazi."

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye haraka, na watu wote walimwita Mama Daktari. Alinitazama viganja, akaniweka kwenye chumba cha dawa chini ya dresa mmoja mzee. Dresa, kwa wasioijua kazi hiyo, ndiye aliyefunga vidonda, aliyechoma sindano na aliyegawa dawa wakati daktari hayupo. Yule wetu alijifunza kazi jeshini, na alipenda vitu vikae kijeshi. Mimi nilimwita Mzee, naye aliniita binti, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na minne na tayari nilishakuwa mke wa mtu.

Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kuchemsha maji na kukinga mvuke wake ili tupate maji safi ya dawa, kupima unga wa dawa kwenye mizani ndogo ya shaba, na kuukunja kwenye vikaratasi. Niliipenda ile mizani. Mahali pengine popote watu walinitazama na kukumbuka kwamba nimerudishwa, lakini mbele ya mizani nilikuwa mtu anayejua kupima.

Mvua za masika zilipokuwa zinaishia, alifika mgeni. Alikuwa Mzungu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni, na gari lake la wazi limejaa masanduku. Alikuwa ametokea Rhodesia ya Kaskazini, akavuka mpaka pale Tunduma, na njia nzima mvua ilikuwa imempiga. Aliomba mahali pa kukaushia vitu vyake. Mama Daktari akampa kibanda kilichokuwa nyuma ya zahanati.

Kesho yake nilitumwa kumpelekea chai. Nilimkuta amekaa sakafuni, amezungukwa na nyaya, betri nzito na sanduku la chuma lililofunguliwa. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitaa vya vioo kama vile vya redio. Mkononi alishika kikombe kidogo cha shaba, na ndani ya kikombe palikuwa na kitu cheupe kilicholowa, kama sukari iliyomwagiwa maji.

"Limekufa," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Sikio la mashine yangu limekufa."

Nilimuuliza mashine hiyo inasikiliza nini.

"Popo," akajibu.

Nilidhani amekosea neno. Akaniambia nikae, akanieleza taratibu, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa siku ile. Popo akiruka gizani hupiga kelele bila kunyamaza, na mwangwi wa kelele zake ndio humwonyesha ukuta uko wapi na mdudu yuko wapi. Lakini kelele hizo ni nyembamba mno, ziko juu kupita mahali sikio la mtu linapokomea. Ndiyo maana sisi hudhani popo ni kimya. Ili kuzinasa unahitaji jiwe la namna fulani lililokatwa jembamba. Sauti ikiligonga, hata ile tusiyoisikia, jiwe hutoa umeme kidogo sana. Vile vitaa huukuza umeme huo, betri huvipa nguvu, kisha kuna gurudumu la kuzungusha ambalo huishusha sauti mpaka ifike kimo cha sikio letu. Halafu unavaa visikilizio kichwani na kusikia.

"Na jiwe hili?" nikauliza, nikionyesha kikombe.

"Ni chumvi. Maji yameliyeyusha."

Alikuwa amepanga kwenda kwenye mapango ya bonde la Songwe. Jiwe jingine lingetoka Ulaya kwa meli, na lingechukua miezi. Jioni hiyo, mezani kwa Mama Daktari, alimtajia jina la chumvi hiyo. Mimi nilikuwa natoa sahani. Mama Daktari aliweka uma chini.

"Hiyo ninayo kopo zima," akasema. "Nawapa wagonjwa waliofunga choo."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa chumvi yetu ya haluli, ile laini isiyo chungu sana, iliyokaa rafu ya pili karibu na dirisha. Nilikuwa nimeipima mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Mgeni alicheka mpaka akavua miwani.

Asubuhi alichukua robo ya kopo, akaichemsha na maji kwenye sufuria, akaikoroga, akaiweka dirishani ipoe. Jioni alikuwa na kitu kama uji ulioganda. Akarudia. Safari ya pili aliiweka karibu na jiko, akawa anaifunua kila mara kuitazama, akapata chenga nyeupe zilizoshikana, hazipitishi mwanga hata kidogo. Mzee alikuwa ameanza kununa.

"Wagonjwa wangu watafunga choo kwa ajili ya popo," aliniambia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama sufuria ya tatu ikiharibika, na nikasema bila kufikiri sana, "Bwana, unaiharakisha."

Akageuka. "Unajua kuotesha chumvi?"

Nilijua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ivuna, kule bondeni Momba, ambako watu huchota chumvi ardhini. Nikiwa mtoto nilipelekwa kwake kiangazi, nikamwona akikwangua udongo wa chumvi, akiuchuja kwa maji kwenye chungu kilichotobolewa chini, kisha akichemsha yale maji. Chumvi ya kuuza aliichemsha kwa moto mkali ikawa unga. Lakini ya kwake mwenyewe aliiacha chunguni na moto mdogo, kisha bila moto, na hakuna aliyeruhusiwa kukitikisa chungu wala kupita mbio karibu nacho. Punje zilikuwa kubwa na safi, zenye pembe. Aliniambia kwamba chumvi ikisumbuliwa huogopa, ikiogopa hujikusanya ovyo.

Nilimweleza mgeni hivyo hivyo. Hakucheka. Akaniuliza, "Utanisaidia?"

Mama Daktari alikubali, ila kwa sharti kwamba kazi ya dawa isilale. Mzee hakukubali, lakini hakuulizwa.

Nilianza kwa maji yetu ya mvuke. Niliyapasha moto, nikatia chumvi mpaka yakakataa kupokea zaidi, nikayachuja kwenye pamba mara tatu hadi yakawa kama hayana kitu. Nikamwaga kidogo kwenye kisahani, nikakiacha usiku kucha. Asubuhi palikuwa na punje ndogo nyingi. Nilizichagua kama mtu anavyochagua mchele, nikapata mbili zilizo safi kabisa, zenye pembe kamili. Kila moja niliifunga kwa uzi mwembamba wa kushonea, nikaitumbukiza kwenye chupa yake pana yenye yale maji ya chumvi, ining'inie katikati bila kugusa upande. Nilitengeneza chupa mbili kwa sababu bibi yangu hakuwahi kutegemea chungu kimoja.

Shida ilikuwa baridi. Mbozi mwezi wa tano na wa sita usiku unauma, na asubuhi jua linachoma. Maji yakipoa ghafla, chumvi hushuka kwa fujo na kulitia jiwe ukungu. Niliomba makapi ya kahawa kwa baba, akaniletea gunia zima mgongoni. Niliweka chupa moja ndani ya debe lililojaa makapi, nikalifunika kwa blanketi, nikaliweka ndani kabisa ya stoo ya dawa ambako jua halifiki. Ya pili niliiweka vivyo hivyo, lakini chini ya kitanda changu, katika chumba nilichopewa pale misheni, na sikumwambia mtu.

Kila asubuhi nilifunua blanketi kidogo, nikatazama, nikafunika. Nilimwambia Mzee debe lisiguswe, nikawaomba wagonjwa wapange foleni upande wa pili wa baraza ili sakafu ya mbao isitikisike. Hapo maneno yakaanza. Mwanamke mmoja mpishi wa misheni, jirani wa wakwe zangu wa zamani, alisema kwa sauti ya kusikika mbele ya foleni nzima, "Mwacheni. Hatimaye naye amepata mtoto wa kulea. Wa kwenye chupa."

Watu walicheka. Nilikuwa na trei ya vidonge mkononi, nikaendelea kugawa. Nilipomaliza nilikwenda nyuma ya kibanda cha kuni, nikalia kwa muda mfupi, nikanawa uso, nikarudi. Ila nitasema ukweli: tangu siku ile nilitaka jiwe lile liote kuliko mgeni mwenyewe alivyotaka.

Wiki ya tatu jiwe la stoo lilikuwa limefika ukubwa wa kidole gumba. Ndipo Mzee alipoingia kutafuta chupa za kwinini, akalivuta debe kando, akalisukuma kwa mguu kulirudisha. Nilipofunua jioni, chini ya chupa palikuwa pamejaa punje mpya, na jiwe langu limeota magamba meupe ubavuni.

Mgeni alikuja, akaliinua mbele ya taa. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sikujua kwamba hata kulisogeza ni kosa," akasema.

"Nilikuambia, Mzee," nikamjibu. Ndiyo mara ya kwanza niliyomjibu hivyo. Akaangalia chini.

Kisha nikaenda chumbani kwangu, nikavuta debe la pili taratibu, nikamwita mgeni. Ndani ya chupa lilining'inia jiwe refu kidogo kuliko lile, safi kama maji yenyewe, hata uzi wake ukaonekana umezama kwenye kioo. Mgeni aliinama, akalitazama kwa muda mrefu. Mzee naye akaja, akalitazama.

"Hili ulilificha," akasema Mzee.

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, na nikaona anataka kutabasamu.

Tuliliacha siku tisa zaidi, tukalitoa, tukalikausha kwa pamba. Kulikata ndiko kulikonitisha. Msumeno ungelipasua. Mgeni alisema kwao hukatwa kwa uzi uliolowa, kwa kuwa maji hula chumvi pale uzi unapopita. Akapinda kijiti kama upinde, akaufunga uzi, akaulowesha, akaanza kuvuta. Baada ya dakika chache uzi ulikwenda upande.

"Nipe," nikasema.

Nilikata kuanzia baada ya chai ya asubuhi hadi jua la mchana likawa juu ya paa. Kuvuta, kurudisha, kulowesha kidogo, kuvuta. Nilipomaliza, kipande kilianguka kiganjani, chembamba, chenye upana wa kucha. Nilikata vingine viwili. Tukavisugua kwenye kitambaa chenye unyevu kilichotandazwa juu ya kioo mpaka vikawa laini. Mgeni alibandika pande zote mbili ile karatasi ya kung'aa itokayo kwenye pakiti za sigara, akaunga nyaya nyembamba kama nywele. Nami nikapaka kingo zake nta ya nyuki ili unyevu usipite tena.

Tulijaribu barazani, mbele ya wagonjwa, asubuhi iliyofuata. Mgeni alivaa visikilizio, akawasha, akasubiri vitaa vipate moto, akazungusha gurudumu. Akazungusha tena. Alivua visikilizio.

"Hakuna kitu," akasema.

Yule mpishi alikuwa amesimama na sufuria yake akitazama. Niliinama kwenye kikombe cha shaba. Kona moja ya karatasi ilikuwa imeinuka, upana wa unywele tu. Nikaibonyeza kwa ncha ya sindano, nikaipasha nta moto, nikaishikilia mpaka ikaganda.

"Jaribu sasa, Bwana."

Akavaa. Mimi sikujua la kufanya, nikasugua kidole gumba na cha shahada mbele ya kikombe, jinsi mtu anavyojaribu unga kama umesagika vizuri. Mgeni alituliza kichwa. Kisha akavua visikilizio, akanivalisha mimi, akasugua vidole vyake mwenyewe pale pale nilipokuwa nimesugua.

Nilisikia kitu kama maganda makavu ya mahindi yakiburutwa kwenye changarawe. Vidole viwili tu vya mtu. Alisugua jani, nikasikia mlio mwingine. Alitikisa kitambaa, nikasikia mwingine. Kumbe hewa yote iliyotuzunguka ilikuwa na kelele, na tangu nizaliwe sikuwahi kuzisikia. Nilivua visikilizio nikampa Mzee. Alivaa, akasikiliza kwa uso wa kijeshi, kisha akasugua vidole vyake mwenyewe, akasugua tena, na tena, mpaka mgeni akamwomba arudishe.

Siku mbili baadaye tulikwenda bondeni Songwe, mimi, mgeni na Mama Daktari, aliyesema amechoka kuachwa nyumbani. Tulipanga mashine mlangoni mwa pango jua likiwa bado juu ya milima. Lilipozama, popo walianza kutoka, mmoja, watatu, halafu kama moshi. Kwa masikio matupu palikuwa na mvumo wa mabawa tu. Mgeni alivaa kwanza, akazungusha gurudumu hadi mahali fulani, akafumba macho. Kisha akanipa.

Ilikuwa kama mtu anadondosha punje za mahindi juu ya bati, moja moja, bila haraka. Kisha punje zikaongeza kasi, zikafuatana, zikawa mlio mmoja wa kupasua kitambaa, zikakatika.

"Hapo amekula," akasema mgeni. "Ameona mdudu, amemkaribia, amemkamata."

Nilisikiliza popo wakila mpaka Mama Daktari aliponigusa bega kuomba zamu yake. Nilikuwa nimesimama kwenye pango la watu wa bonde lile, nikisikia jambo ambalo wazee wote waliopita hapo hawakulisikia, na nililisikia kwa chumvi niliyoiotesha mwenyewe chini ya kitanda changu. Nilisimama wima tu, na nakumbuka shingo yangu ilivyonyooka.

Mgeni alifanya kazi pale hadi mwezi wa nane. Jiwe kutoka Ulaya lilifika likiwa ndani ya kikopo kilichozibwa kwa madini ya risasi. Alilijaribu, akasema linanasa sauti za juu zaidi kidogo kuliko langu, lakini langu lina sauti kubwa zaidi. Akawa anatumia yote mawili. Siku moja, nikimpelekea chupa ya maji, niliona daftari lake wazi mezani. Kiingereza changu kilikuwa kidogo lakini kilitosha. Alikuwa ameandika kwamba jiwe lilioteshwa pale pale na mfanyakazi wa zahanati, mwenyeji.

"Bwana," nikamwambia, "mimi nina jina."

Alisoma alichoandika. Akawa mwekundu. Akayakata maneno yale kwa wino, akaniuliza jina langu, akaanza kuliandika, akakosea herufi ya pili. Nilichukua kalamu mkononi mwake nikaliandika mwenyewe, jina langu na la baba yangu, kwa mwandiko wa darasa la sita, mkubwa na ulionyooka.

Kabla hajaondoka aliniuliza nataka nini. Nilimwambia nataka aje na mashine Itaka siku moja, kwa baba. Akaja. Baba alitoa kigoda nje, chini ya miti ya kahawa, akavaa koti lake la kanisani. Majirani walikuja, na yule mpishi wa misheni alikuja na shangazi yake, akasimama nyuma. Nilimvalisha baba visikilizio mimi mwenyewe, nikazungusha gurudumu mimi mwenyewe, kwa kuwa wakati huo nilishalijua. Nikachukua kiganja cha makapi ya kahawa, nikayasugua mbele ya kikombe.

Baba alisikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili alikitumia kwa wageni tu, lakini safari hii alisema kwa Kiswahili ili mgeni naye asikie.

"Hii umeitengeneza wewe?"

"Jiwe lake, baba. Jiwe ndilo nimelitengeneza."

"Kwa chumvi?"

"Kwa chumvi ya haluli."

Akawageukia majirani, visikilizio bado kichwani, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwa Kinyiha sasa, lugha yetu ya nyumbani, kwamba huyu ni binti yake, na kwamba anayetaka kusikiliza apange foleni vizuri na asilisukume sanduku. Wakapanga. Yule mpishi alipofika mbele nilimvalisha kama nilivyowavalisha wengine, nikamsugulia makapi. Alisikiliza, akaninong'oneza, "Samahani kwa yale maneno."

"Shika hapa upande wa kushoto," nikamwambia, "utasikia vizuri zaidi."

Mwaka uliofuata Mzee alistaafu, na Mama Daktari akanikabidhi chumba cha dawa. Nilikaa humo miaka kumi na tisa.